Je, wajua kwa nini nukta nyekundu ya bastola, yaani kilengeo cha kioo kinachomwonyesha mlengaji nukta ya mwanga, humfaa zaidi mwenye macho yaliyozeeka?

Chukua ufunguo wa mlango, unyooshe mkono, kisha uutazame ufunguo huo huku nyuma yake ukiuona mwembe ulio ng'ambo ya barabara, mmojawapo wa miembe mikubwa inayotia kivuli mitaa ya Tabora. Ukikaza macho kwenye ufunguo, majani ya mwembe hugeuka kuwa doa la kijani; ukiyahamishia kwenye mwembe, meno ya ufunguo hufifia. Kuviona vyote viwili waziwazi kwa wakati mmoja haiwezekani, kwa sababu lenzi ya jicho hunenepa ili kuona kilicho karibu na huwa bapa zaidi ili kuona kilicho mbali.

Anayelenga kwa bastola yenye alama za chuma hukabiliwa na tatizo hilo hilo, ila yeye ana vitu vitatu. Nyuma ya bastola, karibu na mkono, kuna kibati chenye mwanya. Mbele, karibu na mdomo wa mtutu, kuna ncha fupi. Na mbali zaidi iko shabaha yenyewe. Ncha inapaswa kukaa katikati ya mwanya, kilele chake kikiwa sawa na kingo za kibati, ndipo vyote vipelekwe juu ya shabaha. Kwa kuwa jicho halina budi kuchagua kimoja, walengaji hufundishwa kuchagua ncha na kuiacha shabaha ififie kidogo, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa siku ya kwanza huonekana kama kichekesho.

Sababu yake ni hesabu. Kati ya mwanya na ncha ya bastola ya kawaida pana takriban sentimita 16 tu, kwa hiyo ncha ikipotoka kwa milimita 1 ndani ya mwanya, risasi itapotoka kwa sentimita 6 hivi katika umbali wa mita 10, na kwa sentimita 15 na ushei katika mita 25. Bunduki ndefu haina ukali huo, kwa kuwa alama zake zimeachana mbali zaidi.

Umri nao huingia hapo. Baada ya miaka 40 hivi lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na uwezo wake wa kunenepa hupungua mwaka hadi mwaka. Mfanyabiashara wa tumbaku wa Urambo aliyevuka miaka 50, anayesoma risiti kwa kuinyoosha mbali na uso, ndiye huyo huyo anayelalamika kwamba ncha ya bastola yake imekuwa kama pamba, na ukimpa miwani ya kusomea ataiona ncha vizuri lakini atampoteza aliye mbele yake.

Nukta nyekundu huliondoa tatizo hilo kwa ujanja ambao msingi wake ni wa zamani: Howard Grubb, fundi wa vioo na darubini wa Dublin, alibuni kilengeo cha aina hiyo mwaka 1900, na kampuni ya Aimpoint ya Sweden ikatoa cha kwanza kinachotumia umeme mwaka 1975. Ndani ya kifaa kuna taa ndogo sana inayoelekezwa kwenye kioo kilichopinda kidogo, chenye utando unaorudisha rangi nyekundu na kuziacha rangi nyingine zipite. Kioo huirudisha miale ikiwa sambamba, na jicho huipokea kana kwamba imetoka mbali mno. Hapa wengi huchanganya mambo, wakidhani kwamba nukta ni leza inayomulika shabaha. Hakuna mwanga unaofika kwenye shabaha; nukta iko katika jicho la mlengaji peke yake.

Aliyewahi kusafiri kwa treni usiku kutoka Tabora kwenda Kigoma ameliona jambo linalofanana na hilo: miti ya miombo hukimbia kurudi nyuma, lakini mwezi husafiri pamoja na behewa, kwa kuwa uko mbali mno. Nukta nayo hufanya karibu vivyo hivyo. Kichwa kikihama kidogo, huhama ndani ya kioo lakini hubaki pale risasi itakapokwenda, na jicho hutazama shabaha tu, bila kuhangaika na mwanya wala ncha.

Hata hivyo kioo chenyewe ni kidogo, upana wake ukiwa sentimita 2 na kitu, na bastola ikiinuliwa ikiwa imeinama kidogo tu nukta haionekani kabisa. Mwanafunzi mpya huzungusha mkono akiitafuta kama mtu aliyeangusha sindano, na dawa yake ni kurudia tendo la kuinua bastola tupu mara nyingi sana. Vumbi la kiangazi hutia ukungu kwenye kioo, na katika vifaa ambavyo taa yake iko wazi, tone moja la mvua ya masika linaweza kuuziba mwanga. Mwenye astigmatizimu, yaani kasoro ya jicho lisilopinda sawasawa pande zote, huiona nukta kama nyota au koma. Aipige picha kwa simu kupitia kioo, na ikitokea duara, kasoro ni ya jicho. Betri ndiyo hofu ya wengi, nami naiona ndogo kuliko inavyosemwa, kwa kuwa vifaa vingi hutumia CR2032, kidonge kile kile cha rimoti za magari.

Kwa kijana mwenye macho makali anayepata nafasi chache za mazoezi, ningeshauri alama za chuma na fedha iliyobaki iende kwenye risasi za kujifunzia. Katika umbali wa mita 3 au 5 tofauti ya vilengeo ni ndogo sana ikilinganishwa na tofauti ya mikono. Mfanyabiashara wetu wa Urambo ningemshauri nukta, mradi mwanya na ncha za bastola yake zibadilishwe ziwe ndefu zaidi, zionekane kupitia sehemu ya chini ya kioo, ili taa ikizimika apate bado cha kulengea, hata kama ncha hiyo ni ya pamba.