Tamthilia haiishii Off-Broadway

Wiki iliyopita, kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa jukwaa, kijana mmoja, mwongozaji mzuri tu na ninamheshimu, aliandika kuhusu tamthilia fulani ya Kimarekani kwamba "ilihangaika sana, mwisho ikaishia Off-Broadway", yaani kwenye kumbi ndogo za New York, siyo zile kubwa za biashara ziitwazo Broadway. Ikaishia! Kama basi la Mwanza lililozima Singida, abiria wakateremshwa wakala chipsi mayai huku wakimngoja fundi.

Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba. Mke wangu akaniambia hakuna binadamu anayesikiliza dakika saba, na alikuwa sahihi. Basi naandika.

Mimi ni mtu wa taa. Kazi yangu ni kupanda ngazi, kufunga taa, kushuka, kuangalia, kutukana kimoyomoyo, kupanda tena. Sina shahada ya historia ya maigizo. Lakini kila ninapofundisha vijana huwa natumia mfano wa ukumbi mmoja mdogo wa New York, Circle in the Square wa miaka ya 1950, na kila mwaka lazima anyooshe mkono mtu wa kuuliza, "Mwalimu, kwa nini hawakufika Broadway?" Nimechoka.

La jiografia nilimalize haraka. Wapo wanaotafsiri Off-Broadway kuwa "nje ya Broadway", msomaji akadhani ni kumbi zilizo nje ya barabara hiyo. Kumbi nyingi za Broadway zenyewe hazipo kwenye barabara ya Broadway. Ziko kwenye mitaa ya pembeni kuzunguka Times Square, na ukumbi wa Vivian Beaumont uko kule juu Lincoln Center, mtaa wa 65, lakini unahesabiwa Broadway. Kinachoamua ni mkataba na idadi ya viti. Leo hii viti 500 na kuendelea ni Broadway, 100 hadi 499 ni Off-Broadway, chini ya hapo wana jina lao jingine. Katikati ya karne iliyopita kiwango kilikuwa chini zaidi: ukumbi wa Off-Broadway ulikomea viti 299, na eneo nalo lilihesabika. Chama cha waigizaji, Actors' Equity, kilikubali wanachama wake wafanye kazi kwenye kumbi hizo kwa ujira mdogo kuliko wa Broadway. Kwa hiyo tunazungumzia makubaliano ya mishahara. Hakuna kamati iliyokaa ikasema hawa wazuri wapande, hawa wabovu wabaki.

Sasa tuje kwenye kinachoniuma.

Circle in the Square ilianza mwaka 1951 mtaa wa Greenwich Village, namba 5 Sheridan Square, ndani ya jengo lililokuwa klabu ya usiku. José Quintero, kijana kutoka Panama, na Theodore Mann walikuwa miongoni mwa waanzilishi. Klabu ile haikujengwa kwa ajili ya tamthilia. Ilikuwa na nguzo, na nguzo huwezi kuiambia ijisogeze. Watazamaji wakakalishwa pande tatu, waigizaji wakabaki katikati, kwenye ile nafasi ya kuchezea dansi. Pazia hakuna. Nafasi ya kupandisha mandhari juu ya jukwaa hakuna. Mwigizaji akitaka kutoka anapita karibu na magoti ya watu.

Aprili 1952 wakaleta Summer and Smoke ya Tennessee Williams, mhusika mkuu akiwa Geraldine Page, dada ambaye wakati huo watu wengi hawakumjua. Brooks Atkinson, mhakiki wa New York Times, akashuka Village kuiona, akaisifu, na watu wakaanza kupanga foleni. Onyesho lilikaa karibu mwaka mzima. Wanahistoria wengi huanzia hapo wanaposimulia Off-Broadway ilivyochukuliwa kwa uzito.

Hapo ndipo ninapotaka yule kijana wangu atulie asome polepole. Tamthilia hiyohiyo ilikuwa imeshafika Broadway. Oktoba 1948 ilifunguliwa Music Box, ukumbi wa viti karibu 1,000, ikafungwa baada ya maonyesho 102. Na kabla ya hapo, mwaka 1947, ilikuwa imezaliwa Dallas, kwenye ukumbi mdogo wa Margo Jones wenye viti visivyofika 200, watazamaji wakiwa wameizunguka kila upande. Margo Jones huyohuyo ndiye aliyeiongoza Broadway. Mwandishi yuleyule, mwongozaji yuleyule, maneno kwa kiasi kikubwa yaleyale. Chumba kidogo ikasimama, chumba kikubwa ikaanguka, ikarudi chumba kidogo ikasimama tena. Nani hapo kaishia wapi?

Nakiri kwamba hoja yangu ina tundu. Mwaka 1948 tamthilia nyingine ya Williams, A Streetcar Named Desire, ilikuwa bado inachezwa Broadway na mji mzima ulikuwa unaizungumzia; mdogo wake angefanya nini asionekane mnyonge? Halafu kuna Page mwenyewe. Mwigizaji wa aina ile pengine ungemweka juu ya lori la mchanga na watu wangesimama kumtazama. Nikiulizwa asilimia ngapi ni chumba na asilimia ngapi ni Page, siwezi kuzitenganisha, na anayedai anaweza ananidanganya. Ninachosema ni kwamba chumba kilikuwa na sehemu yake, na sehemu hiyo naijua kwa sababu ndiyo inayonilipa.

Mwaka 1956 likatokea jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi. The Iceman Cometh ya Eugene O'Neill ilifunguliwa Broadway Oktoba 1946 kwenye ukumbi wa Martin Beck, ikacheza mara 136, ikaonekana imechosha watu. Ni ndefu kweli, zaidi ya saa nne, walevi wamekaa baa wakiahidi kwamba kesho wataanza maisha mapya. Mei 1956, O'Neill akiwa amefariki miaka mitatu kasoro nyuma yake, Quintero akaiweka Sheridan Square, Jason Robards akicheza Hickey, yule muuzaji anayekuja kuwavunjia walevi ndoto zao. Ilicheza mara 565.

Watu husoma 136 kisha 565 na kufikia uamuzi papo hapo: ile ilifeli, hii ilifaulu mara nne. Ndugu zangu, chukueni kikokotoo. Martin Beck ilikuwa na viti takriban 1,200. Mara 136, hivyo ni viti kama 163,000. Sheridan Square haikufika viti 300. Hata tukiipa 299 kwa ukarimu, mara 565 ni kama 169,000. Ukiipunguzia ukarimu kidogo, ile "iliyofeli" ilikuwa imetandaza viti vingi kuliko ile "iliyofaulu"! Navizungumzia viti tu. Tiketi zilizouzwa ni hesabu nyingine. Lakini ukitaja idadi ya maonyesho bila kutaja ukubwa wa ukumbi, ni sawa na kuniambia umeuza ndoo kumi za maharage bila kuniambia ndoo yako ni ya lita ngapi.

Kilichobadilika ni mwendo. Ukumbi mkubwa una kodi kubwa, mafundi wengi, mishahara mikubwa. Ukikaa nusu tupu kwa wiki chache mwenye fedha anafunga. Ukumbi mdogo unaweza kuisubiri tamthilia. Watu 200 wanaona leo, wanaenda kuwaambia wenzao ofisini, wiki ijayo wanakuja wengine 200. Kazi ya saa nne kuhusu walevi haiwezi kujaza viti 1,200 kila usiku kwa miezi. Viti 200 inaweza, kwa sababu katika jiji kama New York kila usiku hawakosekani watu 200 wenye moyo wa kukaa saa nne wakitazama wenzao wanajidanganya.

Halafu kuna taa, na hapa mnivumilie.

Ukumbi wenye watazamaji pande tatu na dari ya kawaida ni adhabu ya mtu wa taa. Taa ya uso inapendeza ikitoka mbele kwa juu, nusu ya njia kati ya kichwa na upeo wa macho. Sasa "mbele" ni wapi ikiwa watu wako pande tatu? Ukiishusha pembe, mwanga unampita mwigizaji na kuwapiga machoni watazamaji wa upande wa pili, wanakunja uso jioni nzima kama wamelishwa ndimu. Ukiipandisha ikamwagika wima kutoka darini, macho ya mwigizaji yanakuwa mashimo mawili meusi. Unaishia kuzungusha taa nyingi ndogo kutoka pande zote na kuomba Mungu.

Na kuna jambo wanafunzi hawaliamini mpaka nilipime mbele yao. Niliwahi kupewa kazi ya kuwasha tamthilia ndani ya ukumbi wa harusi, wenye nguzo mbili katikati na dari ya jipsamu ya chini. Taa ilikuwa mita moja na robo hivi juu ya kichwa cha mwigizaji aliyesimama. Mwigizaji akakaa kwenye kiti, kichwa kikashuka kama nusu mita. Nikaweka kipima mwanga pale kichwa kiliposhukia: mwanga ulikuwa umebaki nusu. Nusu nzima! Hakuna aliyegusa dima, kile kifaa cha kupunguza mwanga. Kwenye ukumbi mkubwa, taa ikiwa mita nane juu, mtu akikaa huoni tofauti. Kwenye chumba cha chini, kukaa ni kuingia gizani na kusimama ni kuwaka. Mwongozaji alinigombeza kwa kulitia onyesho "mabaka", nikamwambia baba, mabaka ni fizikia, wewe mpange dada asikae pale. Hatukuelewana, na mwishowe dada alikaa palepale.

Sasa rudi kwenye ile baa ya O'Neill. Walevi wamekaa mezani karibu saa zote nne. Anayesimama, anayezunguka, anayeinama juu ya huyu na kumshika bega yule, ni Hickey. Katika chumba kilichokuwa klabu, chini ya dari ya klabu, anayesimama anajipa mwanga mwenyewe. Huhitaji taa ya kumfuata. Na watazamaji, waliokaa kwa usawa uleule wa walevi, hatua chache kutoka kwao, wanakuwa meza nyingine ya baa. Hii ni nadharia ya mtu wa taa, na mtu wa taa huona taa kila mahali, lakini tangu siku ya ukumbi wa harusi sijaweza kuisoma tamthilia ile bila kuona Robards akisimama na uso wake ukiwaka.

Msinielewe kwamba naimba sifa za umaskini. Kuna watu hupenda kusema jukwaa dogo ni "safi" kwa sababu halina fedha. Upuuzi. Mwaka 1954 Idara ya Zimamoto ya jiji ilikifunga chumba kilekile cha Sheridan Square, na onyesho lililokuwa linaendelea, The Girl on the Via Flaminia, likalazimika kuhamia Broadway. Someni tena sentensi hiyo: lilihamia Broadway kwa sababu huku chini milango ilifungwa. Kwa lugha ya kijana wangu, liliishia Broadway.

Wala sikatai kwamba njia ya kupanda ilikuwepo. Carlotta Monterey, mjane wa O'Neill, baada ya Iceman ndiye aliyemkabidhi Quintero Long Day's Journey into Night, ambayo marehemu mwenyewe hakutaka ichezwe. Novemba 1956 ikafunguliwa Broadway, Robards akiwemo, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Wakati huohuo kule Village Iceman ilikuwa bado inaendelea. Mwongozaji mmoja, mwandishi mmoja, kumbi mbili ndani ya jiji moja, na hakuna aliyeona lazima afunge huku ndipo afungue kule. Lotte Lenya naye alipata tuzo ya Tony mwaka 1956 kwa kucheza kwenye The Threepenny Opera, Theatre de Lys, ukumbi wa viti 299. Tuzo ya Broadway ikashuka ngazi kumfuata alipo.

Mwaka 1960 Circle in the Square ilihama Sheridan Square ikaenda mtaa wa Bleecker, na mwaka 1972 wakafungua ukumbi mwingine, namba 1633 Broadway, chini ya jengo la maofisi. Safari hii ni Broadway ya mkataba na ya anwani pia. Watazamaji bado wanakaa kuzunguka jukwaa. Viti ni zaidi ya 600, na dari mtu wa taa anaweza kuishi nayo.

Nilimtumia kijana rasimu ya haya jana usiku, ajue namsema. Amejibu leo asubuhi, saa moja na nusu: "Nimeelewa mwalimu. Kumbe walihangaika sana, mwisho wakaishia Broadway."