Je, wajua? Marekani unaweza kuwa "daktari" wa tiba kwa vitendo halafu ukafanya mtihani uleule na mwenye masters

Mdogo wangu yuko Minnesota. Alipokuwa anamalizia digrii yake ya baiolojia alinipigia akauliza, "Dada, hivi nikitaka kuwa OT huku inabidi nisome mpaka wapi?" Nikamjibu bila hata kupepesa macho: mpaka PhD, zamani masters ilitosha ila wameshabadilisha sheria. Sentensi moja, makosa mawili. Na nilikuwa nimeisema kwa sauti ile ya mtu aliyesoma.

Kwanza OT ni nini, haraka haraka. Ni kifupi cha occupational therapy, na anayeifanya naye anaitwa OT. Kwenye matangazo ya ajira ya serikali Tanzania utakuta "mtoa tiba kwa vitendo", wengine wanaita tiba kazi, na hilo la pili ndo linapoteza watu kabisa maana mtu anadhani unatafutiwa ajira. Kazi inayosemwa hapo ni chochote kinachojaza siku yako: kuoga, kupika ugali, kuandika, kucheza kama wewe ni mtoto. Ugonjwa au ajali ikikunyang'anya hivyo, OT ndo anakaa na wewe mvirudishe. Chama cha kwanza cha fani hii Marekani kilianzishwa mwaka 1917 Clifton Springs, jimbo la New York, na waanzilishi wake ni kundi la ajabu kidogo: wasanifu majengo wawili, daktari wa magonjwa ya akili, mwalimu wa kazi za mikono, mama wa ustawi wa jamii, na katibu wa mmoja wa wale wasanifu ambao baadaye walioana. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na digrii ya tiba kwa vitendo, ingetoka wapi.

Turudi kwenye makosa yangu.

La kwanza, kwamba udaktari ni lazima. Sio lazima. Nilikuwa nimechanganya na fiziotherapia, ambako kweli Marekani tangu 2016 programu zote za kuingilia fani ni za udaktari, hakuna tena masters. Ila ukweli mi sikuchanganya peke yangu, maana hata wenyewe wa OT walikaribia kwenda njia hiyo. Mwaka 2017 bodi inayotoa ithibati kwa programu zao, ACOTE, ilitangaza kwamba ifikapo Julai 2027 mlango wa kuingilia utakuwa udaktari tu. Vyuo vikaanza kuhangaika, watu wakalalamika kuhusu ada na uhaba wa walimu, na 2018 tangazo likawekwa pembeni, 2019 chama chao kikasimama kwenye msimamo wa milango miwili, masters na udaktari, vyote halali. Yaani mimi nilisoma habari ya 2017 nikafunga tab, sikurudi tena. Na ukitafuta mtandaoni leo bado utakutana na kurasa za wakati ule zinazosema 2027 kwa kujiamini kama nilivyosema mimi, kwa hiyo angalia tarehe ya ulichokisoma.

La pili ndo tamu zaidi. Udaktari wenyewe unaitwa OTD, yaani udaktari wa OT, na sio PhD. Kiswahili hapa hakitusaidii, maana "daktari" kwetu ni yule wa hospitali na pia ni yule wa chuo kikuu, sasa ukimleta daktari wa tatu asiyeandika dawa za malaria na asiyeandika tasnifu ya kurasa 300 mezani panakuwa hapakaliki.

Fikiria nyumba ya ghorofa. Ina mlango wa barabarani, na ndani ina ngazi za kupanda juu. Masters ya kuingilia ni mlango, na OTD ya kuingilia nayo ni mlango, pembeni ya ule wa kwanza, kizingiti kimeinuka kidogo. Ukipita wowote unatokea sebule ileile: mtihani uleule wa NBCOT, bodi ya taifa ya ma-OT, cheo kilekile cha OTR, yaani OT aliyesajiliwa, na leseni ya jimbo haiulizi uliingilia wapi. Sasa PhD ni ngazi za ndani. Inakufanya mtafiti, unazama kwenye swali moja miaka na miaka, ndo maana tunaiita uzamivu. Ila haikuingizi ndani ya nyumba. Mtu anaweza kuwa na PhD ya sayansi ya urekebishaji na asiruhusiwe kumgusa mgonjwa kama OT, kwa sababu hakuwahi kupita mlangoni.

Na hapa watu wengi wanapigwa chenga: kuna OTD ya pili, na masters ya pili, za watu ambao TAYARI ni OT. Jina karibu lilelile, cheti kinafanana, lakini ziko kwenye ngazi za ndani. ACOTE inathibitisha milango tu, hizi za ngazi haizigusi. Ukiona programu ya OTD ya mwaka mmoja na nusu yote mtandaoni, soma masharti ya kujiunga kabla hujatuma ada, karibu hakika wanataka uwe na leseni tayari. Ngazi ukiziona kutoka nje kupitia dirishani bado uko nje.

Tofauti ya milango miwili iko wapi basi? Wote wanafanya mazoezi ya kliniki ya wiki 24 angalau. Wa OTD anaongeza wiki 14, saa 560, kwenye mradi wake mwenyewe: labda kuanzisha huduma mpya, labda uongozi, ufundishaji, sera au utafiti. Kwa hiyo masters ni kama miaka miwili hadi miwili na nusu, OTD kama mitatu. Kama mgonjwa wa OTD anapona vizuri kuliko mgonjwa wa masters, ushahidi wa hilo ni mwembamba, na mshahara wa kuanzia mara nyingi haupishani sana, ingawa kwa anayetaka kufundisha chuoni cheti kikubwa kinambeba. Nje ya Marekani hata mjadala wenyewe unasikika wa ajabu. Uingereza digrii ya kwanza inatosha, vyuo vya tiba vya KCMC Moshi na KMTC Kenya vimezalisha ma-OT wa diploma miaka mingi, na shirikisho la dunia, WFOT, linadai saa 1,000 za mazoezi ya vitendo kama kima cha chini, udaktari halidai.

Mdogo wangu nilimpigia kumwomba radhi, kumbe alishaniacha zamani, alikuwa amemuuliza mshauri wa chuo na akachagua masters. Semista ya kwanza walimfunga mkono wa kushoto kwa bendeji wakampa shati, avae kama mtu aliyepata kiharusi. Kanuni ni kwamba mkono mgonjwa unaingia kwanza: unaliweka shati mapajani, mkono wa shati wa upande uliolala unauachia uning'inie katikati ya magoti, unauchomeka mkono uliolala humo, unavuta shati kwa mkono mzima mpaka lipite kiwiko, lifike begani, ndipo unazungusha kola shingoni na mkono mzima unaingia mwisho. Kuvua ni kinyume, mzima unatoka kwanza. Ukianza na mzima unakwama, kwa sababu mkono uliolala hauwezi kujikunja kufuata kitambaa nyuma ya mgongo.

Alianza na mzima. Alikwama na shati kichwani darasa zima linamwangalia, na pembeni yake, anasema, alikuwepo mwanafunzi wa OTD naye amekwama vilevile.