Wimbo wa Jadi Una Chimbuko: Ufafanuzi kwa Wanaosajili Nyimbo

Katika miezi ya karibuni taasisi yetu imepokea malalamiko mengi kuliko kawaida kuhusu nyimbo za jadi zilizosajiliwa kwa jina la mtu mmoja kana kwamba ndiye aliyezitunga. Baadhi ya walalamikaji ni wazee wanaousikia redioni wimbo walioimbiwa utotoni, huku mtunzi akitajwa kuwa msanii ambaye wakati huo hakuwa amezaliwa. Wengine ni wasanii ambao rekodi zao zimeondolewa mtandaoni kwa sababu mwenzao aliwatangulia kuusajili wimbo uleule. Tunaamini kwamba wengi wa waliosajili hawakukusudia kumdhulumu mtu, bali waliongozwa na hoja tunayoisikia karibu kila siku, kwamba wimbo huo hauna mwenyewe. Hoja hiyo si sahihi.

Kila wimbo wa jadi ulianzishwa na mtu. Hakuna kijiji kilichowahi kuitisha kikao ili kitunge beti. Kinachoufanya wimbo uwe wa jadi ni yale yaliyoupata baada ya kumtoka fanani wa kwanza, hata kama jina lake limesahauliwa. Baraza la Kimataifa la Muziki wa Jadi, lililoundwa London mwaka 1947, lilitoa fasili yake katika mkutano wa São Paulo mwaka 1954 na kutaja mambo matatu: mwendelezo unaounganisha wimbo wa leo na wa zamani, mabadiliko yanayotokana na ubunifu wa mwimbaji au kundi, na uteuzi wa jamii, ambayo ndiyo huamua kipi kiendelee kuimbwa na kipi kiachwe. Fasili hiyo ilikubali pia kwamba wimbo wa mtunzi anayejulikana unaweza kuingia katika mapokeo, mradi jamii iuchukue na kuufinyanga upya. Ule uliochukuliwa ulivyo na ukabaki ulivyo haukuhesabiwa.

Waombaji hutuuliza mara kwa mara toleo halisi la wimbo fulani ni lipi. Halipo. Francis James Child, profesa wa Harvard, alikusanya nyimbo simulizi 305 za Uingereza na Scotland zilizochapishwa kati ya 1882 na 1898, na badala ya kuteua toleo moja la kila wimbo aliyaweka yote aliyoyapata, kila moja likipewa herufi yake. Nyimbo za kazi zinaonyesha vizuri kwa nini hali iko hivyo. Kiitikio hufuata mwendo wa mtwangio au wa makasia, na kwa kuwa kila mmoja hukiimba, hakibadiliki kwa urahisi. Beti, kwa upande wake, hutungwa papo hapo na kiongozi ili wimbo udumu hadi kazi iishe, na hufa siku hiyohiyo zisipopendwa. Ndiyo maana tunapochunguza umri wa wimbo hatutegemei ubeti mmoja. Ubeti unaotaja vita au njaa inayojulikana unathibitisha tu kwamba ubeti huo haukuwapo kabla ya tukio lenyewe. Kiitikio chaweza kuwa cha kale zaidi, na lahani yaweza kuwa imeazimwa kutoka wimbo mwingine kabisa. Mwombaji anayetuandikia kwamba wimbo wake una umri wa miaka mia tano, bila ushahidi wowote, hatusaidii.

Si kila kinachosikika kuwa cha kale ni cha kale. Béla Bartók na Zoltán Kodály, watunzi wa muziki wa Hungaria, walipoanza kuzunguka vijijini mnamo 1905 na 1906, walibaini kwamba mengi yaliyosifiwa mijini kuwa muziki wa jadi wa Hungaria yalikuwa tungo za karne ya 19 za watunzi waliojulikana, ilhali wakulima walikuwa na nyimbo za namna nyingine. Huko Uingereza nako, nyimbo nyingi zilizokusanywa kwa waimbaji wasiosoma ziliwahi kuuzwa mitaani zikiwa zimechapwa kwenye karatasi moja moja. Maandishi na mapokeo ya mdomo yamekuwa yakilishana kwa karne nyingi.

Kuhusu rekodi za zamani, tahadhari inahitajika. Edison alibuni fonografu, mashine ya kunasa sauti, mwaka 1877, na mwaka 1890 Jesse Walter Fewkes aliitumia kunasa nyimbo za Wapassamaquoddy, jamii ya wenyeji wa asili, huko Maine, Marekani. Hifadhi za sauti za Vienna na Berlin zilifuata mwaka 1899 na 1900. Silinda za nta za wakati huo zilibeba dakika chache tu, hivyo wimbo wa usiku kucha ulikatwa ukaenea humo. Anayeleta nakala ya rekodi ya namna hiyo akidai kwamba ndiyo wimbo kamili, na kwamba wengine wote wanaukosea, ameyasahau mazingira ya unasaji wenyewe.

Madhara ya kuandika tu kwamba wimbo ni wa jadi yanaonekana katika mfano mmoja unaojulikana sana. Mwimbaji wa Afrika Kusini Solomon Linda na kundi lake walirekodi «Mbube» Johannesburg mwaka 1939. Wimbo ulipofika Marekani ulichukuliwa kuwa wa jadi, ukarekodiwa upya na kuvuma duniani, ilhali Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006. Mtunzi alikuwapo. Hakuulizwa.

Sasa tuje kwenye taratibu. Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu marekebisho ya 1967 unaruhusu nchi kuteua mamlaka ya kumwakilisha mtunzi asiyejulikana wa kazi ambayo haijachapishwa. Vifungu vya mfano vilivyotolewa na UNESCO na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) mwaka 1982 vinataka kibali kwa matumizi yanayokusudia faida na yaliyo nje ya mazingira ya kimila, vinasamehe matumizi ya kielimu na msanii anayeazima ili atunge kazi yake mwenyewe, na vinataka jamii au eneo la asili litajwe. Sheria za nchi hutofautiana, na makala haya hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria.

Kwenye fomu ya usajili, sehemu ya mtunzi na sehemu ya mpangaji wa muziki si kitu kimoja. Aliyeongeza ala, akabadili mwendo au akatunga beti mpya ajaze sehemu ya mpangaji, aeleze kwa maneno alichoongeza, na aambatishe maelezo ya chanzo: alimsikia nani, wapi, lini, katika shughuli gani, na kama mtoa wimbo aliridhia. Haki atakayopata inahusu mchango wake pekee, wala haimzuii mwingine kuimba wimbo uleule kwa mpangilio wake. Tamko la uongo laweza kusababisha usajili kufutwa, mirabaha iliyokwisha kulipwa kudaiwa irejeshwe, nakala kukamatwa na, kulingana na sheria ya nchi, faini au kifungo. Aliyejaza sehemu isiyo yake kwa kutojua anaweza kuomba marekebisho kwa maandishi, akiambatisha nakala ya cheti na maelezo ya chanzo. Ni vyema afanye hivyo kabla ya lalamiko kufunguliwa, kwa kuwa baada ya hapo jalada huhamia kitengo cha sheria na marekebisho husubiri uamuzi wake.