Je, wajua kwa nini kwaya inayowasha kanisa hupoa ikifika studio?

Kwaya ni ileile na wimbo ni uleule. Jumapili, katika kanisa la Wakongomani pale Katwe jijini Kampala au kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, pambio la Kiswahili linaimbwa mpaka wazee wa viti vya nyuma wanainuka. Waimbaji wanachanga hela, wanaingia studio Kampala, na baada ya muda kazi inatoka: kila noti iko mahali pake, ngoma safi, video ya sare mpya. Waumini wanaisikiliza mara moja, wanasema "Bwana asifiwe", kisha wanarudi kwenye ile klipu ya simu ya Jumapili, yenye mikwaruzo na mtoto anayelia karibu na simu.

Jibu linalotangulia kila mara ni kwamba studio haina upako. Upako tuwaachie wachungaji. Ila lipo fungu la jambo hili linalopimika, nalo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ubaya wa jibu hilo ni kwamba limewafanya watu waamini kuna kambi mbili zisizopatana: uimbaji mbichi wa moyoni, na kazi iliyopigwa msasa. Mfano unaopendwa na wa kambi ya kwanza ni albamu ya Aretha Franklin, Amazing Grace, iliyorekodiwa Januari 1972 ndani ya kanisa la Kibaptisti huko Los Angeles, watu wakilia na kupiga makofi. Ni kweli, haikurekodiwa studio. Lakini kwaya ya mwimbaji wa injili James Cleveland, iliyomwitikia, ilikuwa imefanya mazoezi ya kutosha, bendi ilikuwa ya wapigaji wa kulipwa wa daraja la juu, na kazi ilirekodiwa usiku mbili mfululizo ili pawepo pa kuchagua. Ubichi huo ulipikwa kwa uangalifu. Kwa kweli kilichokuwa kibichi hapo ni filamu yake tu: wapiga picha hawakutumia ubao wa kuanzia, picha na sauti zikashindwa kuoanishwa, na filamu haikutoka mpaka 2018.

Jibu la pili linalaumu Auto-Tune, programu ya kusahihisha noti za mwimbaji. Programu hiyo ilitoka 1997, ikiwa kazi ya Andy Hildebrand, aliyekuwa akichambua mitetemo ya ardhi kwa ajili ya kampuni za mafuta. Hesabu za kutafuta mafuta zikageuzwa kutafuta noti. Kwa kwaya ina madhara ya kweli. Unene wa sauti ya kwaya unatokana na waimbaji kutofautiana kidogo sana katika noti moja, kwa senti chache (nusu toni moja ina senti 100). Ukimvuta kila mmoja hadi katikati ya noti, watu 20 wanaanza kusikika kama watu 3. Uganda kuna na la ziada. Mizani ya muziki wa asili wa Kiganda, ambayo Klaus Wachsmann wa Jumba la Makumbusho la Uganda aliipima kwenye kinubi na kuichapisha 1950, hugawanya oktavu katika hatua tano zinazokaribia kulingana, yaani senti 240 hivi kila moja. Mizani ya noti tano ikipigwa kwenye kinanda ina hatua za 200 au 300. Mwimbaji mwenye lafudhi hiyo ya muziki akipitishwa kwenye programu iliyowekwa mizani ya meja ya kinanda, anasahihishwa kosa ambalo hakulifanya. Tusivuke mpaka lakini: tenzi za wamisionari zimeimbwa hapa tangu miaka ya 1870, na kwaya nyingi zimeizoea mizani ya kinanda kabisa.

Wa tatu wanasema ni mwangwi: kanisa linavuma, studio imekauka, kwa hiyo ongeza mwangwi. Hapa historia ya walokole wa Kampala inatoa ushahidi mzuri wa kukanusha. Makanisa mengi ya miaka ya 1980 na 1990 yalianzia katika vibanda vya biwempe, mikeka ya matete na mafunjo. Ukuta wa mkeka haurudishi sauti. Nyingine unaimeza, nyingine unaipitisha nje mpaka kwa majirani, ambao malalamiko yao ni ushahidi tosha. Mwangwi wa jengo kama hilo ni karibu na sifuri, na bado hakuna aliyewahi kusema uimbaji wa biwempe ulikuwa baridi.

Kuna njia rahisi ya kuyapima majibu yote matatu. Mwombe prodyuza faili za sauti kabla hajagusa chochote: hakuna Auto-Tune, hakuna mwangwi, hakuna kompresa (kifaa kinachofinya sauti kubwa ili zikaribiane na ndogo). Sikiliza sauti ya kiongozi peke yake. Ubaridi utaukuta tayari umo. Mashine hazikuuweka, uliingia na mwimbaji, au tuseme, uliingia kupitia masikio yake.

Mwaka 1911 daktari wa masikio wa Kifaransa, Étienne Lombard, alichapisha jambo aliloliona kwa wagonjwa: mtu akisikilizishwa kelele wakati anaongea, anapaza sauti bila kujua, na kelele ikikatwa, sauti inashuka papo hapo. Madaktari walilitumia kuwanasa waliojifanya viziwi, kwani kiziwi wa kweli hapandishi sauti. Baadaye tabia hiyohiyo ilionekana kwa ndege, popo na nyangumi. Si uamuzi, ni kitanzi kati ya sikio na koo. Na kina upande wa pili ambao studio nyingi hazijausikia: mtu akiongezewa sauti yake mwenyewe masikioni, anashusha.

Sasa mtazame kiongozi wa sifa kanisani. Ngoma ziko mita 2 nyuma yake, kinanda kinapita kwenye spika zilizofunguliwa mno, watu 300 wanapiga makofi, na sauti yake anaisikia kwa shida. Kitanzi kinamwambia: sukuma. Studio anawekwa peke yake kwenye chumba chenye magodoro ukutani, anavishwa hedifoni, na prodyuza kwa upole wake anamuuliza, "Unajisikia vizuri?" Anampandishia sauti yake mpaka inasikika nzito na tamu kama ya redio. Kitanzi kinamwambia: tulia. Anatulia. Amekuja na moyo uleule wa Jumapili, ila koo limepokea amri nyingine.

Hapo huulizwa: kama tatizo ni sauti ndogo, si inaongezwa tu kwenye miksa? Haiwezekani, na sababu yake ndiyo kiini cha mambo yote. Fikiria mkaa kwenye sigiri. Ukiupepea, hauongezi mwanga tu, unabadilisha rangi: kutoka wekundu wa giza, hadi rangi ya chungwa, hadi njano. Piga picha ya mkaa mwekundu wa giza kisha uikuze iwe bango la barabarani: bado ni mkaa uliopoa, mkubwa tu. Piga picha ya mkaa wa njano uipunguze iwe kama stempu: mtu akiiona bado atarudisha mkono. Sauti ni hivyohivyo. Mtu akisukuma, kamba za sauti hufunga kwa kasi na kwa nguvu zaidi, na mitetemo ya juu inakua haraka kuliko ya chini. Sauti ikipanda desibeli 10 kwa jumla, eneo la karibu na hezi 3,000 mara nyingi hupanda zaidi ya hapo, na hilo ndilo eneo ambalo sikio la binadamu ni jepesi kuliko yote. Msikilizaji akiwa na simu ndogo, sauti chini kabisa, anatambua kwamba huyu anapaza na huyu ananong'ona. Kitufe cha sauti kinakuza picha. Hakipepei mkaa.

Ndiyo maana kompresa, inayotukanwa sana, ina hatia ndogo kuliko inavyodhaniwa. Ukiiweka uwiano wa 4 kwa 1 na mpaka wa desibeli −18 (sifuri ndipo sauti inapopasuka), sauti inayofika −6 imevuka mpaka kwa desibeli 12. Itaruhusiwa kuvuka kwa 3 tu na kutoka ikiwa −15. Ukubwa umefinywa, rangi imebaki. Koo lililowaka likipita kwenye kompresa bado linawaka. Koo lililopoa likipitishwa kwenye mashine ghali kuliko zote Afrika Mashariki linatoka limepoa, na usafi unalizidishia aibu.

Vipimo vingi vya kitanzi hiki vimefanywa kwa watu wanaoongea. Kwa wanakwaya pia kimeonekana, na waimbaji wakielekezwa waweza kukipunguza kwa kiasi, kwa hiyo mtu mzoefu haburuzwi nacho kama mtoto. Na makofi, kusimama karibu na wenzako, kumwona mama analia mstari wa mbele, hayo nayo yana sehemu yake ambayo hedifoni haielezi.

Lakini hedifoni ndiyo inayorekebishika leo, bila kununua kitu. Shusha sauti ya mwimbaji mwenyewe kwenye hedifoni desibeli 6, mwache aimbe kiitikio, shusha tena kidogo mpaka aanze kuitafuta. Usianze kwa kupandisha bendi. Masikio yatachoka na waimbaji wataumwa kichwa kabla ya ubeti wa tatu. Kama ana mazoea ya kuvua upande mmoja, mruhusu, ila upande uliovuliwa uzimwe kwenye miksa, la sivyo kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) na kinanda vitavuja kwenye maiki na utavisikia kila anapovuta pumzi.

Kiasi cha kuingiza sauti kipimwe wakati wa kiitikio cha moto kuliko vyote. Kosa la kila siku ni kumpima kwa "moja, mbili, moja, mbili" ya upole, kisha anapofika kwenye "haleluya" sauti inapasuka, na prodyuza anamwomba asipige kelele. Sentensi hiyo imeua nyimbo nyingi. Kilele kikae kati ya desibeli −10 na −6, mwimbaji akae umbali wa sentimita 20 hadi 30 kutoka maiki ya kondensa, na asogee nyuma kidogo kwenye kilele kama anavyofanya kanisani. Rekodi wimbo mzima mara tatu au nne badala ya mstari kwa mstari mara 30. Koo linalosukuma halidumu saa nzima, na ukifika mara ya 25 utalisikia limechakaa.

Kwaya yenyewe ni shida zaidi, kwa sababu ya desturi ya kuchukua waimbaji wanne hodari na kuwarekodi mara tano ili waonekane 20. Hiyo ni sauti 20 za koo nne, zenye kasoro zilezile zikirudiwa, na kila mara wamo hedifonini. Waingize wote pamoja, hata kama chumba ni kidogo: nusu duara, maiki mbili mbele yao umbali wa mita 2, zikitengana sentimita 17 na kufunguliwa kwa pembe ya nyuzi 110, juu kidogo ya vichwa. Kiongozi awe chumba hichohicho, mgongo wa maiki yake ukiielekea kwaya. Sauti zitavujiana. Gharama yake ni kwamba alto akikosea huwezi kumfuta peke yake, na hapo ndipo msasa unaporudi kazini: kwaya isiyofanya mazoezi haiwezi kurekodiwa hivi.

Kliki nayo isilaumiwe bure. Pambio la kanisani linaloanza na mapigo 96 kwa dakika na kumalizia 108 si ajabu, na ukilifunga kwenye 96 tangu mwanzo hadi mwisho, mwitikio unachelewa pale ulipozoea kurukia. Chukua ile klipu ya simu, pima mapigo ya kila ubeti, kisha panga kliki ipande hivyohivyo.

Wanaoamua kurekodi ibada yenyewe wana kazi nyingine. Chukua kila maiki moja kwa moja kutoka kwenye miksa, na uongeze maiki mbili kwa ajili ya waumini. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo maiki ya waumini iliyo mita 10 kutoka madhabahuni itachelewa kwa milisekunde 29. Ivute sauti yake ianze mapema kwa kiasi hicho kwenye kompyuta, au makofi yatagombana na ngoma. Chomeka vifaa vyote kwenye chanzo kimoja cha umeme ili kupunguza mvumo wa hezi 50. Na uangalie mawingu, maana kanisa ni la mabati. Mvua ikianza kupiga juu, kitanzi cha Lombard kinafanya kazi yake na kwaya inaimba kuliko siku zote, kwenye rekodi isiyofaa kwa lolote. Isipokuwa jambo moja: ihifadhi. Siku ya studio, makofi na kelele za ibada hiyo vikipitishwa taratibu kwenye hedifoni za waimbaji, chini ya bendi, koo hupanda lenyewe. Hakikisha tu hedifoni ni za kufunga sikio lote, ili mvua isiingie kwenye maiki.