Kibao cha mbele hakisemi bei

Nimechoka na picha za mbele. Mtu hapa Lubumbashi ameona bafle la besi, yaani sanduku la spika za gitaa la besi, kanisani Katuba au kwenye stoo ya baa moja ya Kamalondo, anapiga picha ya kitambaa na kibao cha jina, anaituma: "Papa, hii ni Ampeg ya kweli, wanaomba dola nyingi, nichukue?" Ampeg ni kampuni ya Marekani ya ampli (mashine za kukuza sauti) na mabafle ya besi. Kama hii ni ya kweli, sijui. Na anayeuza naye hajui. Kibao kinashikwa na skrubu mbili. Kinang'olewa kwenye bafle lililooza, kinapachikwa juu ya sanduku la seremala wa mtaani, na tangu hapo kila mtu anaapa kwamba ni la mwaka 1970.

Sisemi kila mara ni wizi. Bafle la orkestra likiishi miaka hamsini linapita kwa mafundi wengi, na kila fundi anaacha kitu chake ndani. Ndiyo maana swali la "ni bafle gani?" ni maswali mawili: sanduku ni la nani, na ndani mna spika zipi. Bei kubwa iko kwenye la pili, na halijibiwi bila bisibisi.

Fungua. Mengine yanafunguka nyuma. Mengi yaliyozibwa kabisa yanataka uvue fremu ya kitambaa na kutoa spika kwa mbele. Toa moja tu kwanza, shika fremu ya chuma, usishike membrani, ile koni inayotikisika. Safisha mgongo wake kwa kitambaa kikavu. Usitumie maji wala petroli, maana namba nyingi zimepigwa kwa wino na zikifutika umefuta pesa yako mwenyewe.

Kwenye spika za Marekani tafuta namba ya tarakimu tano hadi saba. Za mwanzo ni mtengenezaji: 220 ni Jensen, 465 ni Oxford, 137 ni CTS, 328 ni Utah, 391 ni Altec, 67 ni Eminence. Zinazofuata ni mwaka, kisha wiki. 137-6942 ni CTS, 1969, wiki ya 42. Ukikuta mwaka wa tarakimu moja, kama 220-512, hiyo ni wiki ya 12 ya 1955 au ya 1965, na namba yenyewe haitakuambia ipi. Umbo la sumaku na aina ya sanduku ndivyo vinaamua. Ukisoma wiki ya 71, umesoma vibaya, anza upya. Na tarehe ya spika si tarehe ya bafle: kiwandani spika zilikaa rafuni miezi kabla ya kufungwa. Spika ya 1974 ndani ya sanduku linaloitwa "la 1969" ina maana moja kati ya mbili: mwaka wa sanduku ni uongo, au spika ilibadilishwa. Celestion ya Uingereza inatumia herufi kwa tarehe. Mabafle ya Italia, Montarbo au FBT, yasome kwa jina la spika yenyewe. Mara nyingi utakuta RCF, na ni spika nzuri ambazo watu hapa wanazidharau bure.

Sasa niseme la 8x10, bafle la spika nane za inchi 10, kwa sababu hapo ndipo mabafle yanapouawa. Ampeg SVT ilitoka 1969, ampli ya lampu ya wati 300, na bafle lake lina spika nane za inchi 10 ndani ya vyumba vinne vilivyozibwa, mbili kila chumba. Siku zile iliuzwa na mabafle mawili kwa sababu moja lisingevumilia wati zote. Kila spika ni ya omu 32 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Nane zikiungwa sambamba, yaani kila moja kwenye waya mbili zile zile, zinatoa omu 4. Fundi wetu hapati spika ya omu 32, kwa hiyo anaweka ya omu 8 iliyopita mpakani Kasumbalesa, inalia, analipwa. Piga hesabu: saba za 32 na moja ya 8 ni omu 2.9 badala ya 4, na ampli inaanza kupata joto. Lakini ubaya wenyewe ni huu: volti ni ile ile kwa zote, kwa hiyo ile ya 8 inakula nguvu mara nne ya kila jirani yake. Peke yake inabeba zaidi ya theluthi ya kazi ya bafle zima. Itaungua. Ikiungua, fundi anaweka nyingine ya 8, tena yenye wati kubwa zaidi, na watu wanasema Ampeg za zamani ni dhaifu! Wengine wanaweka nane zote za omu 8 kwa muungano ule ule wa sambamba. Hiyo ni omu 1, na transfoma ya ampli haisamehe.

Kwa hiyo beba testa, kile kipima omu. Pima kwenye soketi ya bafle bila ampli. Testa inasoma chini kidogo ya omu zilizoandikwa: bafle la omu 4 litasoma 3 na kitu, la 8 kati ya 5.5 na 7, la 16 karibu 12. 8x10 likisoma zaidi ya 6, karibu nusu ya spika zimekufa hata kama bado linapiga kelele za kutosha kumridhisha mchungaji. Likisoma chini ya 2.5, mtu amechanganya. Usiliwashe.

Jambo la pili linalonikera ni sumaku. "Angalia sumaku ilivyo kubwa, hii ndiyo ya zamani." Kinyume chake. Chukua spika za besi za inchi 15 za JBL, kampuni ya Marekani: D140F ya miaka ya 1960, K140 ya miaka ya 1970, E140 iliyofuata. Mbili za kwanza zina sumaku ya alnico, aloi ya alumini, nikeli na kobalti, iliyofichwa ndani ya kopo dogo la chuma. Ya tatu ina pete pana nyeusi ya feriti, sumaku ya kauri. Anayenunua kwa macho anachagua pete. Na watu wa Katanga, kati ya watu wote, ndio wangepaswa kujua sababu ya badiliko hilo: Mei 1978 vita viliingia Kolwezi, mji wa migodi ya shaba na kobalti, migodi ikasimama, bei ya kobalti duniani ikaruka, na watengenezaji wa spika wakakimbilia feriti. Unaweza kusoma historia ya Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kwenye mgongo wa spika. Feriti inahitaji ukubwa zaidi kwa nguvu ile ile, basi. Upana wa pete haukuambii umri wala nguvu.

Je, alnico inasikika bora kwenye besi? Wauzaji wanasema ina "joto". Uzi wa chini wa besi uko kwenye 41 Hz (mitetemo 41 kwa sekunde), na huko chini mimi nina shaka kama kuna sikio linalotofautisha sumaku. Bei inatofautisha, hilo ni kweli, na unauza kwa bei, huuzi kwa sikio langu. Alnico ina udhaifu mmoja: inaweza kupoteza nguvu ikipigwa kupita kiasi. Bila kipimo cha sumaku njia iliyobaki ni kuilinganisha na pacha wake kwenye waya mmoja, na kama wote wawili wamechoka sawa, hutagundua.

Ukipima JBL za zamani kwa betri ya 1.5 V, kumbuka zimegeuzwa: chanya kwenye terminali nyeusi ndiyo inayosukuma membrani mbele. Ukichanganya JBL moja na spika ya kampuni nyingine ndani ya 2x15 (bafle la spika mbili za inchi 15) na kufuata rangi, zinavutana, besi inapotea, na mwenye bafle anaambiwa spika zimezeeka.

Membrani: isukume taratibu kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa. Ikikwaruza, bobini (koili ya waya nyuma ya membrani) imepinda au vumbi jekundu limeingia kwenye nafasi ya sumaku. Gundi mpya inayong'aa, kofia ya katikati isiyofanana na za jirani, ukingo mweusi mno kuliko fremu: imevishwa upya, yaani imewekewa membrani na bobini mpya. Hapo mimi nakata kati ya theluthi na nusu ya thamani ya spika hiyo. Kusema kweli, iliyovishwa kwa vipande sahihi siwezi kuitofautisha kwa kusikiliza. Soko linaikata hata hivyo.

Sanduku haraka: plaiwudi ni sawa, ubao wa chembechembe uliokunywa maji ya masika huvimba kwenye kona za chini na haurudi. Gonga pande zote; sauti ya kupasuka ni gundi iliyoachia. Acoustic 361 ina ampli yake ndani, si bafle tupu, kwa hiyo usiiunganishe na ampli nyingine kama kawaida.

Bei. Zile unazoona mtandaoni Marekani ni bei zinazoombwa, si zilizolipwa, na 8x10 ina zaidi ya kilo 60. Ukiondoa usafiri, thamani yake Lubumbashi ni ile ambayo mpiga besi wa hapa atalipa. Jumlisha spika za asili zinazofanya kazi, ongeza sanduku kama plaiwudi ni nzima, toa gharama ya kurudisha omu zilizovurugwa. Kwa kibao naongeza dola kumi tu. Na kama kati ya nane zimebaki nne za asili, usiziuze mojamoja: spika ya omu 32 ikiwa peke yake haina mnunuzi, ila mwenye bafle lililoharibiwa kama lako, na huyo atataka zote nne.