Kaburi la nabii: kwa nini sisi wanaakiolojia hatulioni

Danieli peke yake ana makaburi manne ninayoweza kuyataja bila kufungua kitabu: Susa nchini Iran, Kirkuk nchini Iraki, Tarsus nchini Uturuki na Samarkand nchini Uzbekistan. Hilo la Samarkand lina urefu wa mita 18! Kitabu cha Danieli chenyewe hakisemi alizikwa wapi. Kinasema tu kwamba aliona njozi akiwa Shushani, yaani Susa, na hapo mapokeo yakapata pa kushika. Benyamini wa Tudela, msafiri Myahudi wa karne ya 12, anasimulia kwamba wakazi wa ng'ambo mbili za mto wa Susa waligombania jeneza hilo, kila upande ukiamini linaleta utajiri, mpaka mtawala akaamuru lining'inizwe katikati ya daraja ili pasiwe na wa kulalamika.

Mwingereza William Loftus alipochimba Susa miaka ya 1850, kwenye kilima jirani na kaburi hilo alikuta ukumbi wa nguzo wa wafalme wa Uajemi, wenye maandishi ya Artashasta wa Pili. Mara nyingi kazi yetu huenda hivyo: unachimba karibu na kaburi la nabii, unapata kila kitu ila nabii.

Samweli je? Huyu Biblia inasema wazi kwamba alizikwa nyumbani kwake Rama. Mahujaji humzuru Nabi Samwil, kilima kirefu kaskazini-magharibi ya Yerusalemu, ambako Yitzhak Magen na wenzake walianza kuchimba mwaka 1992. Walipata mji wa zama za Wagiriki, vyombo vya udongo vya karne ya 8 na 7 KK, mabaki ya monasteri ya Kibizanti na ngome ya Wapiganaji wa Msalaba. Samweli anawekwa karne ya 11 KK, miaka 300 hivi kabla ya vyombo hivyo. Isitoshe, wataalamu wengi huitafuta Rama mahali pengine, kwenye kijiji cha er-Ram. Na Jerome, msomi wa Kikristo aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 5, anadai mifupa ya Samweli ilikwisha kuhamishiwa Thrakia, huko Balkani, kwa amri ya Kaisari Arcadius. Akiaminiwa huyo, mabishano kuhusu kilima yanabaki ya nini?

Sisi hatusubiri jiwe lenye jina. Kaburi lina mtindo, na mtindo una umri wake. Kwenye Mlima wa Mizeituni utaoneshwa pango la Hagai, Zekaria na Malaki. Ndani yake kuna vishimo virefu vyembamba vilivyochongwa kuingia mwambani, kila kimoja cha maiti moja. Uchongaji huo ulienea Yerusalemu kuanzia karne ya 1 KK hivi, ilhali manabii hao ni wa karne ya 6 na 5 KK. Maandishi ya Kigiriki yaliyomo yanataja Wakristo wa karne nyingi baadaye. Chini bondeni Kidroni, lile linaloitwa kaburi la Zekaria (huyu ni mwingine, mwana wa Yehoyada) ni mwamba mtupu uliochongwa kwa nje, na haujulikani kuwa na chumba cha maiti ndani. Soma Mathayo 23:29, Yesu akiwakemea wanaojenga makaburi ya manabii, kisha utazame mnara huo wa karne ya 1 KK: ni fasheni ya zama zile.

Wenye uwezo wa Yuda ya kale walizikwa vingine. Ukoo ulichonga chumba chenye vitanda vya mawe, maiti ikalazwa, na nyama ikiisha mifupa ilisukumwa kwenye shimo la pembeni, juu ya mifupa ya mababu. Maneno "akakusanywa kwa watu wake" mimi huyasoma nikiwa na picha ya shimo hilo. Hata ukilipata, utamtoaje mtu mmoja humo? Na huo ni upande wa matajiri. Nabii Uria, asema Yeremia 26, aliuawa na mfalme Yehoyakimu, maiti yake ikatupwa penye makaburi ya watu wasio na cheo. Makaburi ya namna hiyo hayachongwi mwambani, na ni nadra kudumu.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1870 Charles Clermont-Ganneau aliona maandishi ya Kiebrania juu ya mlango wa kaburi huko Silwan, ng'ambo ya Yerusalemu ya kale. Nahman Avigad aliyasoma mwaka 1953: humu hamna fedha wala dhahabu, ila mifupa ya fulani "aliye juu ya nyumba", yaani msimamizi wa nyumba ya mfalme, na ya mjakazi wake, alaaniwe atakayefungua. Katika Isaya 22, nabii anamkaripia Shebna, mwenye cheo hichohicho, kwa kujichongea kaburi mwambani. La Isaya hatulijui, la huyo bwana mkubwa pengine liko British Museum, angalau maandishi yake. Nasema pengine kwa sababu mwanzo wa jina umeharibika, zikabaki herufi za mwisho tu, "-yahu". Jina Shebnayahu, yaani Shebna kwa urefu wake, linaingia vizuri, nami naegemea upande wa wanaodhani ni yeye, lakini majina ya Yuda yenye mwisho huo ni mengi mno.