Nyangumi wa Alaska waliohesabiwa vibaya

Watu wengi wakisikia nyangumi wanajua habari ni moja tu, wanaisha. Sio wote jamani. Kuna huyu anaitwa bohedi, maisha yake yote yako kwenye bahari ya barafu ya kaskazini (sio ndugu zake tunaowaona Watamu kuanzia Julai, wale wanatoka Antaktika), na wa upande wa Alaska wameongezeka kweli kweli.

Meli ya kwanza ya wawindaji wa Kimarekani ilivuka mlango wa bahari wa Bering mwaka 1848 ikakuta mnyama mpole, mzito, mafuta chini ya ngozi yanafika nusu mita, basi wakamchinja hadi karibu 1914, mafuta ya kuwashia taa na zile fito za mdomoni anazochujia chakula zikaenda kutengenezea koseti, nguo za kubana kiuno za akina mama. Walibaki wachache mno.

Sasa mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikawakataza kuwinda hata Wainupiati, wenyeji ambao hao nyangumi ndio kitoweo chao tangu enzi na enzi, maana wanasayansi waliamini wamebaki kama 2,000 au hata pungufu. Wazee wakapinga. Wakasema nyie mnasimama ukingoni mwa barafu mnahesabu wanaopita kwenye maji ya wazi, mbona hamhesabu wanaopita chini ya barafu, huyu anaipasua kwa kichwa anavuta pumzi anaendelea na safari! Wataalamu wakazamisha maikrofoni majini pale Barrow, mji wa pwani ya kaskazini ya Alaska, na kweli, sauti zikasikika kutoka sehemu ambazo macho hayaoni kitu. Kwa maoni yangu hapo ndipo utafiti wenyewe ulipoanza.

Hesabu ya 2001 ikatoa kama 10,000, ya 2011 karibu 17,000, na ukianzia 1978 hadi 2011 ni ongezeko la asilimia 3.7 hivi kwa mwaka, na huyu jike anafikisha miaka kama 25 ndio anazaa mara ya kwanza. Ila wanaishi sana, mwaka 2007 mmoja alikutwa na kipande cha chusa la baruti la miaka ya 1880 mwilini.

Shida ya sasa ni pa kusimama. Barafu ya pwani imekuwa nyembamba haiaminiki, na 2019 waliohesabu wakiwa juu yake walipata 12,500 tu, wakati hesabu ya angani kwa ndege mwaka huohuo ilitoa makadirio ya 17,000 na ushee.